Kiti cha Mkwe

Enzi ya Ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa na magari ya mitumba yakaanza kumiminika, Hezekia wa Vidunda aliona zamu yake imefika. Miaka yote maharage na ndizi zake zilishuka mlimani juu ya vichwa vya watu. Sasa alitaka gari, tena linalovuta kwa magurudumu yote manne, na hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Oswald, mfanyabiashara wa Magomeni pale Kilosa, alikuwa nayo mawili. Moja refu, lina paa na mabenchi nyuma. La pili pikapu fupi: mbele dereva na mtu mmoja, nyuma bodi wazi. Hezekia akayajaribu yote kwenye njia ya Mikumi, Yunis mkewe akiwa pembeni. Aliyapakia mawe. Akayatumbukiza kwenye mchanga wa mto. Akayasimamisha katikati ya kilima, akayaondoa tena, sikio lote liko kwenye injini. Lile refu lilipanda likihema. Pikapu ilikwea kana kwamba inashuka. Hezekia akacheka peke yake.

"Lile refu lina nafasi," Yunis alisema. "Mama akiugua je? Kwenye pikapu mbele viti ni viwili, na wewe ni mkwewe."

"Mama Jastin, nanunua gari la mizigo au la kwaya?"

Oswald naye akacheka, na kicheko cha muuzaji si cha bure. Wakarudi na pikapu.

Tuseme ukweli, Hezekia hakuwa mtu mbaya. Alimheshimu mkwewe, Bibi Paulina, kama desturi ilivyomtaka: hakukaa naye mkeka mmoja, hakula mbele yake, na maneno yao yote yalipitia kwa Yunis. Heshima hiyo ndiyo aliyoisahau alipokuwa akiwaza magunia.

Masika ikaja, na Bibi Paulina akashikwa na kichomi. Mvua ilikuwa inamwagika, na dereva mwingine mlimani kote hakuwepo. Hezekia akafungua mlango wa mbele, akageuza uso pembeni.

"Mwambie Mama aingie. Ugonjwa hauna mkwe."

Yunis alimsihi mama yake mpaka akalia. Bibi Paulina alitikisa kichwa tu. Akae bega kwa bega na mume wa binti yake? Afadhali mvua. Wakamlaza nyuma kwenye godoro, Yunis akamfunika turubai na kumkumbatia.

Pikapu ilishuka mlima wa Vidunda bila kuteleza, ikayapita matope ya Ruaha ambamo malori yalikuwa yamelala. Kila ilipofaulu, Hezekia aliumia. Angeitoa injini nzima apewe paa na benchi moja. Kwenye kioo aliuona mgongo wa mkewe umelowa chapachapa.

Walipofika hospitalini Mikumi, midomo ya bibi ilikuwa imebadilika rangi. Hezekia alisimama mbali, kofia mkononi, akingoja kulaumiwa. Aliistahili lawama, na aliitaka. Wauguzi walipokuwa wakimteremsha, Bibi Paulina aligeuza kichwa, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu binti yake aolewe akasema naye bila kupitia kwa mtu.

"Baba Jastin, gari lako zuri. Halikukwama popote."

Alifariki jioni hiyo. Mpaka leo Hezekia husema heri angemtukana.