Mullewa Hakujanyesha

…na bado wanamtazama, Lorna mwenyekiti kalamu juu, miwani imemshuka puani, "Noreen, shoga, nimekuuliza, umepiga simu Mullewa? Kumenyesha?", na Noreen kikombe kiko mdomoni, chai haimezeki wala haitemeki, maana amepiga, asubuhi hii hii kabla hata hajavaa viatu, na yule dada wa kituo cha mafuta kacheka kicheko cha uchungu, huku ni vumbi tupu mama, tangu mwezi wa tano tumepata manyunyu ya kulowesha kofia, maua mtayaona kwenye kalenda, mwaka huu kaeni kwenu… vumbi tupu, na ukumbi mzima wa wastaafu wa Northam unangoja neno lake, kwa sababu ndivyo walivyozoea, safari ya Septemba ya kutazama maua ya porini haipangwi mpaka simu ipigwe kaskazini kuulizia mvua, na simu ilikuwa ya Clarrie mumewe, miaka nenda miaka rudi ya Clarrie, anasimama jikoni na kaptula yake na soksi zilizovutwa mpaka magotini, anapayuka utadhani Mullewa iko mwezini, "Na ya pili je? Mvua ya pili ilikuja?", kisha anageuka, kidole gumba juu, na yeye Noreen anaanza kuwaza mayai ya kuchemsha ya basi zima… na Clarrie kafa Februari, kwenye joto lile, na simu imebaki kwa mjane wake, nani mwingine apewe, "Kwani lazima kaskazini kila mwaka?", huyo Keith, Keith na Albany yake ya pwani ya kusini, "nyangumi hawangoji mvua, jamani, na basi la kule tunapanda kwa nusu nauli, kadi za uzee tulipewa tuzitundike ukutani?", wanacheka, cheka tu Keith, kule pwani kuna upepo wa kukung'oa meno ya bandia, lakini yuko sahihi, hilo ndilo linalomchoma, yuko sahihi kabisa, na kumshinda ni neno moja tu, ndiyo, kumenyesha, nani atajua, watajua wakishafika, na wakishafika yeye naye atakuwa kafika, kwenye ile barabara ya changarawe nje ya Pindar, jirani na Mullewa, ambako Clarrie yupo, si makaburini, makaburini hamwoni, anaona jiwe tu na kunguru, ila pale anamwona, mzee mzima kalala kifudifudi na kamera yake, nzi wamemjaa mgongoni kama shati la pili, mbele yake lile ua linaloota duara kama shada, katikati kipara, pembeni maua mekundu yamesongamana, na halioti kokote ila pale greda lilipokwangua udongo, "Norri! Teremka uone, limejisuka lenyewe!", na yeye dirishani, "Inuka we mwanamume, utakanyagwa na lori la kondoo!", na hakuna lori, gari moja moja tu, na likipita Clarrie anainua kidole kumsalimia dereva, kama ilivyo ada ya barabara zile, hata pale alipolala tumbo chini kidole kiko juu, na dereva anajibu kwa kidole chake kutoka kwenye usukani utadhani ni jambo la kawaida mtu kulala barabarani… anamtaka, basi, hakuna zaidi, anamtaka Clarrie wake, na kama njia ni uongo, uongo na uwe.

"Kameza ulimi huyu." "Mwache, anakumbuka." "Anakumbuka nini, ama kumenyesha ama hakukunyesha!"… na ule mwaka mkavu, je, ule Clarrie aliponyanyua kidole gumba hapa hapa ukumbini, basi likajaa, Lorna na kofia mpya, wakapita mji wa Dalwallinu ngano yenyewe fupi kama ndevu za juzi, na Clarrie mikono kwenye usukani akamwinamia, "Norri, hakuna kitu huko." "Hakuna nini?" "Maua. Nilijua toka nyumbani." Alitaka kumtwanga na chupa ya chai. "Ulijua?" "Baridi ile, nyumba ile… nilitaka tutoke." "Basi waambie." "Nitawaambia," na hakuwaambia walipopita Wubin, hakuwaambia walipopita Perenjori, mpaka mji wa Morawa ndipo akaegesha, akavua kofia, akasimama kati ya viti, jasho linamtoka kama mtoto aliyevunja dirisha la watu, "Jamani, hakuna ua hata moja, nimewadanganya, nilitaka tu kusafiri nanyi," Lorna akamtupia ganda la chungwa likampata sikioni, na basi zima likalipuka, maganda, matusi, "Mwongo mkubwa wee! Endesha!", endesha ndilo neno, hakuna hata mmoja aliyesema rudi, wakaenda hadi Pindar wakala mayai yao vumbini, na Keith, Keith huyu huyu, akachora ua kwa kijiti katikati ya barabara, duara kubwa, wakajipanga kulizunguka wakapigwa picha, na picha iliyotundikwa sebuleni kwa Noreen ni hiyo, miaka yote ile ya maua na iliyotundikwa ni ya vumbi, na kila akiitazama alidhani wanacheka uongo wa Clarrie, kumbe uongo ulishaisha Morawa, wanacheka kwa sababu aliwaomba, yule mwanamume asiyeomba hata kupitishiwa chumvi alisimama akawaomba, na yeye Noreen tangu mazishi hajaomba chochote, wanamletea supu anasema nimeshiba, wanampigia anasema niko sawa, niko sawa kabisa, mpaka wameamini, maskini, wangejuaje.

"Noreen?", Lorna bado kalamu juu, Keith bado kakunja mikono, ni sekunde chache tu, hawajachoka kumngoja, na yeye tayari anajua, atawaambia hakujanyesha, vumbi tupu, Keith yuko sahihi, nyangumi wapo, anayetaka nyangumi ampe Keith kura yake, kisha kabla mikono haijanyanyuka atawaambia lile lingine, hata akilia mbele ya Keith, atawaambia namkumbuka mume wangu hadi naumwa, nataka kwenda kumwona, na peke yangu siwezi, nisindikizeni.