Faili za Bi Nukta

Wenzake walimwita Bi Nukta, naye hakulikataa jina, maana katika hospitali nzima hakuna aliyejali nukta kama yeye. Kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya dawa. Aliiandika kwa maandishi matupu, akiweka nyota mbili kila upande wa neno lililotakiwa kukolezwa. Majina ya faili zote yaliishia kwa mkia mmoja, herufi txt.

Jumatatu moja akaamua kubadili mkia huo. Kwenye kompyuta yake jina la faili likiishia md, nyota zilitoweka, maneno yakakolea yenyewe, ukurasa ukapendeza. Kabla ya saa ya chai alikuwa amemaliza miongozo yote. Katika kuipitia akasahihisha mmoja, wa dawa ya degedege ya watoto: chupa mpya zilikuwa na nguvu maradufu, kwa hiyo kipimo kilishuka kutoka mililita nne hadi mbili.

Jumatano, saa nne asubuhi, alipita wodi ya watoto akatupia jicho skrini ya ukutani ambako wauguzi walisoma miongozo yake. Nyota zilikuwa palepale. Katikati ya nyota aliona: mililita nne.

Akampigia fundi wa kompyuta.

"Skrini za wodini zinasoma faili zipi?"

"Za txt tu. Zisipopata mpya zinabaki na ile ya zamani. Kwani vipi, dada?"

Alikata simu bila kuaga, akamwendea muuguzi aliyekuwa akiosha mikono.

"Zile chupa mpya mmeanza kuzitumia?"

"Leo hii. Mtoto wa kitanda cha sita nimempa sasa hivi."

"Kiasi gani?"

Muuguzi akaelekeza kidevu kwenye skrini. "Si kama ulivyoandika?"

Bi Nukta akamweleza. Muuguzi alitoka mbio kumwita daktari, mikono ikichuruzika maji.

Kitandani alilala mtoto wa miaka miwili, mdomo wazi. Daktari akamsikiliza kifua, akamvalisha barakoa ya hewa. "Dawa ikizidi hupunguza pumzi," alisema taratibu. "Tutamhesabia pumzi kila baada ya dakika tano. Mama yake aambiwe."

"Nitamwambia mimi," alisema Bi Nukta.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umebadilisha jina la karatasi," akauliza, "mwanangu akapewa dawa maradufu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa hapa. Usiende popote."

Akakaa. Pumzi ishirini na nne kwa dakika. Ishirini. Kumi na saba. Kila mara kifua kilipotua, Bi Nukta naye alibana pumzi, akingoja kiinuke tena. Zilipofika kumi na mbili daktari alishika mfuko wa hewa akaanza kuubonyeza kwa mkono, na mama akamkamata Bi Nukta kifundo cha mkono, kucha zikazama. Bi Nukta hakuuondoa mkono wake. Alitamani hata ziingie zaidi.

Saa nane ikapita. Saa tisa pumzi zikapanda hadi kumi na sita. Karibu na saa kumi mtoto alikunja uso, akaisukuma barakoa, akalia kilio cha hasira. Muuguzi akajifuta macho kwa kiwiko. Mama akauachia mkono, akambeba mwanawe, hakumtazama Bi Nukta tena.

Jioni ile ile alirudisha txt kwenye faili zote, akashuka na muuguzi kusoma skrini za wodi moja baada ya nyingine.

"Nyota hazikuwahi kutusumbua," muuguzi alimwambia kwenye ngazi. "Ungetuuliza tu."

Kesho yake aliandika kila kitu kwa mkono, akampelekea mganga mkuu. Alisimamishwa kazi miezi miwili. Aliporudi aliomba mwongozo wowote ukibadilishwa, hata herufi moja ya mkia, usitumike kabla mtu wa wodini hajausoma ukutani. Ombi likakubaliwa. Lakini wodi ya watoto alipita mara chache sana, na kila alipopita alijikuta anahesabu.