Chupa Mbili za Glisirini

Mimi ni mpishi wa keki, na mdomo wangu hauna breki. Mama mkwe alishaniambia siku nyingi kwamba ulimi huu utakuja kunitia matatani, nikamjibu kwamba ulimi huuhuu ndio unaouza keki. Tukacheka. Kumbe kilichonitia matatani si neno nililosema kwa hasira. Ni neno nililolimeza siku tano nzima, huku mume wangu akiamini kwamba amemlisha mama yake sumu.

Nianzie kwenye sigara, maana ndiko kulikoanzia.

Mume wangu ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Alikuwa akivuta tangu kabla hatujaoana. Nilivumilia kikohozi, nikavumilia majivu kwenye visahani vyangu, lakini siku mteja aliponirudishia keki akisema inanuka tumbaku, loo, siku hiyo nyumba haikukalika! Nikamwambia achague: sigara au jiko langu. Maskini, akachagua jiko. Akanunua sigara ya umeme, ile ya kuchaji, unaitia maji yake mazito halafu inatoa mvuke unaonukia matunda.

Baada ya miezi miwili akaanza kulalamika kwamba maji ya dukani yanamkwaruza koo. Mafundi ndivyo walivyo, hawawezi kutumia kitu bila kujiuliza kimetengenezwaje. Akatazama video wiki nzima, kisha akarudi nyumbani na mfuko wa makorokoro: mabomba ya sindano yasiyo na sindano, glavu, vichupa vya ladha, na chupa moja ndogo nyeusi aliyoishika kama yai.

"Hii ndiyo nikotini yenyewe," akaniambia. "Kali hiyo. Tone likikuangukia mkononi unanawa hapohapo."

"Na imekuja kufanya nini jikoni kwangu?"

"Nachanganya mwenyewe. Nikotini kidogo, ladha kidogo, kinachobaki ni glisirini tu, kama hiyo yako ya keki."

Na kweli ilikuwa hiyohiyo. Mimi huitia glisirini kwenye aisingi, ile sukari ya kupambia keki, ili isikauke ikavunja watu meno. Vijiko viwili kwa kilo ya sukari laini, basi.

Nisiseme uongo, mwanzoni nilifurahia. Jumamosi asubuhi tulikaa meza moja, mimi na unga wangu, yeye na vichupa vyake. Nilimfundisha kutumia mizani yangu ndogo. Alikuwa anajumlisha uzito wa chupa pamoja na vilivyomo, halafu anashangaa hesabu haitoki. "Bonyeza sifuri kwanza, baba," nikamwambia, "unapima chupa au unapima dawa?" Mchanganyiko wake wa kwanza ulikuwa na ladha ya ndizi iliyofuliwa kwa sabuni. Alivuta mara moja, macho yakamtoka. Mama yake alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Huyo mama yake tunaishi naye, na jina lake humu ndani ni Mkaguzi. Keki haitoki nyumbani kwangu bila yeye kuonja aisingi. Kijiko cha kwanza ni chake, anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, analamba, anafumba macho, halafu anasema, "Ipite." Wateja wengine wanaijua habari hiyo, wananiuliza kabla ya kupokea, "Mkaguzi amepitisha?"

Sasa, jiko langu lina sheria. Chini hakibaki kitu. Kilichoanguka kinaokotwa papo hapo. Na chupa mbili za kitu kimoja hazikai nusunusu, zinamiminwa ziwe moja. Fundi nilimpa rafu yake juu ya friji. Cha kwake kisishuke, cha kwangu kisipande.

Ila alikuwa anadokoa glisirini yangu. Anaona kufungua chupa mpya ni uvivu, anachukua ya kwangu, anasema atarudisha. Nimemsema, nimechoka. Ijumaa moja nikaamka nikakuta mabomba yake ya sindano yamelala kwenye sinki langu, juu ya vyombo vyangu vya mayai. Yeye kesha kwenda kutengeneza friji ya bucha. Nami nina keki ya chekechea ya kupeleka saa nane, watoto thelathini wanamuaga mwalimu wao. Nikageuka kutafuta glisirini, nikakuta chupa imebaki nusu. Nikatazama juu ya friji. Ndiyo hiyo chupa nyeupe ya glisirini, ileile ninayoijua, ina nusu vilevile.

"Mwizi mkubwa wee!" nikasema kwa sauti. Mama mkwe akauliza nani. Nikamjibu, "Mwanao."

Nikapanda kwenye kigoda, nikaivuta chupa ile. Kikaratasi kilichokuwa kimebandikwa kwa utepe kikabanduka, maana mvuke wa oveni unaishia huko juu na utepe ulikuwa umeshalegea. Kikaanguka. Nikashuka, nikakiokota kwa mazoea, nikakisokomeza mfukoni mwa aproni bila kukitazama. Hasira zilikuwa zimenijaa puani. Nikaimimina chupa yake ndani ya yangu, nikaitikisa, nikapima vijiko viwili viwili kwenye kilo tatu za aisingi. Chupa tupu nikaitupa.

Nilipompa Mkaguzi kijiko chake, alilamba, akakunja uso.

"Ya leo inawasha."

"Inawasha nini, mama? Sukari na ute wa yai! Ni koo lako hilo."

"Nakuambia inawasha kama pilipili."

"Basi onja tena uhakikishe, maana mimi sina muda wa kubishana." Nikamjazia kijiko cha pili. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Haikupita nusu saa, nami ndiyo kwanza nimemaliza kupamba keki. Kwanza mate yalianza kumtoka, kisha jasho, uso ukawa rangi ya majivu. Akatapika mapajani. Mikono ikatetemeka asiweze hata kushika ukingo wa kiti. Nikapiga kelele, majirani wakaja, mmoja akaleta gari lake. Nilimpigia Fundi simu nikiwa nyuma na kichwa cha mama mapajani, sikumbuki nilisema nini. Keki ilibaki mezani, nyeupe, nzuri, imeandikwa KWAHERI MWALIMU. Na Mungu anisamehe, hata pale hospitali nilikuwa bado sijaelewa.

Aliyeelewa ni Fundi. Alipita nyumbani kwanza, akatazama juu ya friji, akaja hospitali anakimbia na viatu vya kazi.

"Chupa nyeupe ya juu iko wapi?"

"Glisirini?"

"Si glisirini! Ni nikotini! Ile nyeusi ilikuwa inavuja, nikaihamishia kwenye chupa yako tupu."

Daktari alikuwa amesimama hapo. Wifi yangu, dada yake Fundi, alikuwa amesimama hapo. Wote wakanitazama, na mimi nikaona watoto thelathini wanalamba vidole. Nikafoka. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nafoka.

"Umeweka sumu kwenye chupa yangu? Chupa ya chakula? Unataka kutumaliza?"

"Nilibandika karatasi. Niliandika. Na ilikuwa juu kule..."

"Haikuwa juu! Ilikuwa kwenye rafu yangu, na haikuwa na karatasi yoyote!"

Hilo la rafu lilikuwa neno la uongo. Lilitoka lenyewe, likaenda, na maji yakimwagika hayazoleki. Daktari akaingia ndani kushughulika na mgonjwa. Wifi akamgeukia kaka yake, akamwambia mambo ambayo sitayarudia. Nikampigia mwalimu wa chekechea nikamwambia keki haiji. Akanuna, nami nikalia kwa furaha kwamba amenuna tu.

Jioni ile, nikitafuta kitambaa cha kujifutia, nikatia mkono mfukoni mwa aproni, maana nilikuwa nimetoka nayo vilevile. Nikakitoa kikaratasi. Nikakinyoosha gotini. Herufi kubwa za Fundi, zile anazoandikia risiti: NIKOTINI KALI. SUMU. USIGUSE. Chini yake ameandika tarehe, maana mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kila kitu jikoni kinaandikwa tarehe.

Nikakirudisha mfukoni.

Mtu ataniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi zaidi yake. Niliona haya, nikaogopa, na nilishafoka mbele ya watu. Nikajiambia, mama akipona nitasema. Siku ya pili madaktari wakasema moyo wake umetulia, atapona. Nikajiambia, akirudi nyumbani nitasema. Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ule uchi nimekunja miguu.

Fundi alikusanya vichupa vyake vyote akavitia kwenye ndoo, akavipeleka duka la dawa wamwambie pa kuvitupa. Sigara ya umeme aliiponda kwa nyundo. Hakuvuta ya kawaida wala ya umeme, na chakula akawa anakula amesimama kama mgeni. Mwanzoni alikuwa anabishana. "Niliandika," anasema, "nakumbuka hata kalamu." Wifi anamjibu, "Karatasi iko wapi basi?" Siku ya tatu akawa anasema, "Nadhani niliandika." Nilikuwa naosha vyombo. Niliendelea kuosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi.

Siku ya tano mama akaruhusiwa. Alirudi amepungua, sauti imekuwa nyembamba, lakini akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Wifi akaja nyuma yake na begi tupu.

"Nimekuja kumchukua," akasema. "Hapa hakai tena."

"Siendi popote," mama akasema. "Kiti changu ni hiki."

"Mama, mtu aliyeweka sumu kwenye chupa ya chakula unakaa naye vipi?"

Wote tukamtazama Fundi. Alikuwa amesimama kando ya friji. Nilitegemea atafoka, ana haki ya kufoka. Akapiga magoti mbele ya mama yake, mwanamume mwenye mvi, akamshika miguu.

"Nenda naye, mama," akasema. "Nimefikiri sana. Labda sikuandika. Labda niliiweka kwenye rafu ya keki mwenyewe, nikasahau. Kichwa changu sikiamini tena. Nenda ukakae mahali salama."

Mama akaanza kulia bila sauti. Na mimi nikaona kitu nilichomfanyia mume wangu. Sikumsingizia tu, nilikuwa nimemnyang'anya akili zake mwenyewe, na yeye akanikabidhi.

Aproni ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake. Nikatia mkono mfukoni.

"Iliandikwa," nikasema. "Na ilikuwa juu. Nilipanda kigoda nikaishusha kwa hasira zangu. Karatasi ilianguka, nikaiweka mfukoni bila kuisoma. Niliisoma hospitali jioni ileile."

Nikampa. Aliishika kwa vidole viwili, akaisoma, akaisoma tena. Wifi akasema, "Ebo!" Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Siku tano?" akaniuliza.

"Siku tano, mama."

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa kofi, ingawa mkono wa Fundi haujawahi kunigusa kwa ubaya. Lakini hakuwa na habari na mimi. Alikuwa anamwonyesha mama yake ile karatasi, anafuata herufi kwa kidole, analia na kucheka. "Niliandika, mama. Ona. Niliandika. Tarehe hii hapa. Niliandika." Akainuka akamwonyesha dada yake. Akarudi akamwonyesha mama mara ya pili.

Mama mkwe hakuondoka. Begi la wifi lilirudi tupu. Siku hizi naoka tena, na kijiko cha kwanza bado ni chake, ila nalamba mimi kabla yake, naye ananingoja kwa utulivu hadi nusu saa ipite. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Fundi tunaongea. Ananiomba chumvi, ananiuliza wateja wa leo. Ile karatasi aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, na haijatoka kwenye mwili wake tangu siku ile. Jumapili ninapokusanya nguo za kufua, anavua shati, anaitoa kwanza, anaishika mkononi, ndipo ananipa shati.