Picha Mbichi za Hani

"Nani alikutuma kwa Yahye?" Saynab aliuliza.

"Shemeji, kompyuta yetu iko bolebole, inajikokota. Yahye ana programu moja safi pale chuoni, inafungua kila kitu."

"Amefungua picha hizi?"

Abdille akaangalia viatu vyake. "Tatu tu. Na wallahi zilikuwa kijani tupu. Hatukuona kitu."

"Macho yenu hayaoni kijani?"

Saynab alikuwa ameahidi mbele ya wanawake wote. Kwenye harusi ya Hani walivua shela na kucheza nywele wazi, kwa kuwa aliyeshika kamera alikuwa mwanamke, Saynab mwenyewe. Na kamera yenyewe, iliyotoka Dubai mwaka huo wa tisini na tisa, haikuwa na filamu ya kupelekwa Nairobi kwa wanaume wasiojulikana. Ilitoa picha mbichi, za kupikwa kwenye kompyuta. Nitazipika mwenyewe hapa studioni kwangu Galbet, aliwaambia. Abdille alitakiwa kuweka programu tu, basi.

"Yahye alibaki na nakala?"

"Hapana. Ziko kwa diski hii tu."

Pazia la studio likavutwa. Hani, aliyekuja kuchukua picha zake, alikuwa amesikia yote.

"Eeddo, futa. Futa zote," akamwambia shangazi yake.

"Harusi yako hairudiwi, Hani." Saynab akanyoosha mkono kwa shemeji yake. "Diski. Tutatumia programu iliyokuja na kamera."

"Hiyo? Kila picha unaulizwa maswali kama uko kortini! Na kitabu chake chote Kiingereza."

"Diploma yangu niliisoma kwa Kichina? Lete. Na ufunguo wa studio pia."

"Nitamwambia kaka!"

"Mwambie. Usisahau kumwambia ulichoangalia."

Abdille akaweka diski na ufunguo mezani, akatoka akinung'unika. Saynab akatia komeo, akamvutia Hani kiti, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa mwanga. Kompyuta ikakoroma. Picha ikashuka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, mikono iliyoinuliwa, vyote kijani kama maji ya bwawa.

"Programu inauliza taa ilikuwa ya aina gani," alisema Saynab.

"Zile ndefu nyeupe," Hani akajibu, bado amenuna.

Saynab akachagua hizo. Kijani kikaondoka, hina ikawa nyekundu vidoleni.

"Nifute?"

Hani akasogeza kiti karibu. "Fungua ile nyingine."