Kurasa za Akina Mama

Bi Stoo hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la vipuri vya matrekta, tangu boliti hadi injini nzima, na siku alipostaafu wakaguzi walihesabu mali siku tatu mfululizo wakaambulia spana moja iliyozidi. Iliyozidi, si iliyopungua. Hadithi hiyo aliisimulia kwa kila aliyekaa naye zaidi ya dakika kumi, na waliomzoea walijifunza kuaga dakika ya tisa.

Kwa hiyo alipoingia ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kumtafuta bibi yake mzaa mama aliyepotea miaka sitini na mitano iliyopita, aliulizia kama mtu anayeulizia betri.

"Alikuja kufanya kazi kiwanda cha magunia, hapa hapa mjini," alimwambia karani. "Kama alifia hapa, mnaye. Naomba madaftari ya vifo ya miaka hiyo."

Karani alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi mweusi sikioni. "Dada, wengine huanza na salamu."

"Hujambo, ndugu yangu. Naomba madaftari."

Karani akacheka, akampa fomu. Madaftari yaliyopita miaka hamsini yalikuwa wazi kwa mtu yeyote. Unajaza fomu, unanawa mikono, unakaa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, na ukiandika unaandika kwa penseli, maana wino ukimwagika hapo umemwagika kwa vizazi vyote. Bi Stoo alizipenda taratibu hizo. Alijiona yuko nyumbani.

Nyuma ya fomu hiyo kulikuwa na jambo zito. Mama yake Bi Stoo alikuwa mtoto wa miaka saba siku mama yake mzazi alipofunga kibunda cha nguo na kumuaga, kwamba kiwanda kimempa mkataba wa miaka miwili na ukiisha atarudi. Hakurudi. Mwaka wa tatu, shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyeachiwa mtoto amlee, alimkalisha chini akamwambia habari zimefika: mama yako kapata bwana huko, ana watoto wengine, usimlilie mtu aliyekutupa. Mtoto akanyamaza. Akakua, akaolewa, akazaa, akazika mume, na muda wote huo aliyemzaa hakutajwa kwa jina. Alikuwa "yule mwanamke", basi.

Bi Stoo alipopata kazi ya ghala katika mji ule ule wa kiwanda, mama yake alikataa kuja kumtembelea miaka nenda rudi. Magoti ndiyo yaliyomleta, yalipogoma kupanda kilima cha kwake. Na asubuhi moja, hajaulizwa wala nini, akaweka kikombe mezani na kusema, "Wewe si umestaafu? Nenda kanitafutie. Kama alikufa, nataka nijue nimlilie. Kama alinitupa, kaa nayo mwenyewe kifuani, usiniambie kitu."

"Nitakuambia chochote nitakachokikuta, mama. Mimi sipokei mzigo nusu, na sipeleki mzigo nusu."

Mama yake akakichukua tena kikombe. "Haya," alisema.

Basi Bi Stoo akaanza. Kila daftari lilikuwa na faharasa nyuma, majina yamepangwa kwa herufi, na jina la bibi yake lilianza kwa T. Alisoma T za miaka saba. Alimkuta mwenye jina lile mara mbili: mmoja alikuwa kichanga wa siku nne, wa pili kikongwe wa miaka themanini. Siku ya pili alirudia zote toka mwanzo, kidole kikipita mstari kwa mstari, akatoka kapa vilevile.

"Huenda hakufia hapa," karani alisema kwa upole. "Au huenda aliolewa tena, akabadili jina."

Bi Stoo hakulipenda neno "huenda" hata kidogo. Ghalani kwake kitu kilikuwapo au hakikuwapo. Lakini hilo la kuolewa tena lilimchoma, kwa sababu ndilo alilolisema shangazi, na ndilo ambalo angelazimika kulibeba mpaka nyumbani na kulitua mbele ya mama yake mwenye miaka sabini na miwili. Kwa mara ya kwanza alijuta kutoa ahadi ile.

Alikaa pale mezani, mikono juu ya daftari lililofungwa, akafanya alichozoea kufanya kitu kikikosekana. Aliacha kufikiria kitu, akamfikiria aliyekileta. Mwaka fulani pampu ya mafuta ilipotea ghalani miezi minne. Ikaja kuonekana rafu ya M, kwa sababu dereva aliyeileta aliandika kwenye hati "moyo wa gari", na mtu wa zamu akaipanga alivyoisoma. Tangu hapo Bi Stoo aliwafundisha vijana wake wote: kitu usikitafute kwa jina lake, kitafute kwa jina alilolijua aliyekileta.

Alimgeukia karani. "Ndugu yangu, marehemu haji hapa kujiandikisha. Nani alikuwa akileta taarifa?"

"Ndugu zake. Kama hana ndugu karibu, mwenye nyumba, jirani, yeyote aliyemjua."

"Na huyo jirani alikuwa anamjua kwa jina lipi?"

Karani alianza kuwataja majirani zake kimoyomoyo. Bi Stoo naye alikuwa ameshaanza kumfikiria jirani yake mwenyewe, mwanamke waliyepakana ukuta miaka ishirini, aliyewahi kumwuguza malaria na kumwazima ngazi isiyorudi mpaka leo. Jina lake nani? Mama Mapacha. Si jina hilo, jina lake hasa, alilopewa na wazazi wake? Bi Stoo alilitafuta kichwani kote asilipate. Hakuwahi kuuliza. Angefariki usiku ule, Bi Stoo angekuja ofisini kesho yake na kuandikisha "Mama Mapacha", na asingekuwa amesema uongo.

"Siku mbili nimepoteza," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha wenzangu."

Akafunga begi akaenda nyumbani kwa hatua ndefu. Mama yake alikuwa sebuleni, anakunja nguo zilizokauka.

"Mama, watu walikuwa wanamwitaje bibi? Majirani, watu wa njiani."

Mikono ya mama yake ilisimama juu ya shuka. "Unataka ya nini hiyo?"

"Naitaka."

"Walimwita Mama Kibiriti."

"Kibiriti ni nani?"

"Mimi," mama yake alisema, huku ameinamisha macho kwenye shuka. "Nilizaliwa kadogo, halafu kidogo tu nimewaka. Yeye ndiye aliyenipa. Alipoondoka, shangazi akasema jina gani hilo la mtoto wa kike, likafa."

Bi Stoo alikuwa mwana wa mwanamke huyu kwa miaka hamsini na mitano, na jina hilo alikuwa hajapata kulisikia.

Kesho yake alifungua faharasa kwenye M. Alitazamia kukuta akina Mama watatu au wanne. Alikuta kurasa nne kwa kila daftari. Mama wa fulani, mama wa fulani, mama wa fulani, wengi wao wamekuja kufanya kazi wakafia vyumba vya kupanga, wakaletwa ofisini na watu waliowapenda bila kujua waliitwa nani. Mama Mrefu. Mama Dobi. Mama wa Chumba cha Tatu. Bi Stoo aliwasoma wote, mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja. Ilikuwa kazi yake, na pia aliona aibu kuwaruka.

Daftari la pili, ukurasa wa tatu wa M, alikuwapo. Bi Stoo aliita "Ndugu yangu" kwa sauti iliyomfanya karani aje mbio na kalamu mkononi. Wakafungua wote wawili ukurasa wenyewe.

*Mama Kibiriti. Mwanamke. Umri: kama miaka ishirini na minane. Kazi: kibarua, kiwanda cha magunia. Sababu ya kifo: homa ya mapafu. Mtoa taarifa: mpangaji mwenzake.* Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kumi na nne tangu aondoke kwao.

Bi Stoo alipiga meza kwa kiganja. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Miezi kumi na minne kati ya ishirini na minne. Hapakuwa na bwana wala watoto wengine. Mwanamke alikufa mkataba haujaisha.

Kisha akasoma safu ya mwisho, ya maelezo, ambako karani wa zamani aliandika kwa herufi ndogo: *Jina halisi halijulikani. Ana mtoto mmoja wa kike kwao. Ndugu wa mume wameandikiwa barua mara mbili, hawakujibu. Amezikwa na majirani.*

Furaha ikamkauka. Ndugu wa mume. Nyumba ile ilikuwa na nani mwingine, kama si shangazi? Na shangazi huyo ndiye aliyemlea mama yake, akamsomesha, akamwoza, na mpaka leo picha yake ilining'inia sebuleni juu ya redio. Bi Stoo alifikiri kunakili mistari yote isipokuwa huo mmoja. Penseli ilikaa hewani muda mrefu. Angeweza. Hakuna ambaye angejua.

Alinakili yote.

"Jina lake halisi linaweza kuingizwa," karani alimwambia, akimpa fomu nyingine. "Ila lazima aje ndugu wa karibu kabisa, mwenyewe, aape."

"Mtoto wake yupo hai."

"Basi mlete."

Mama yake alisikiliza amekaa wima, mikono mapajani. Bi Stoo alisoma polepole. Alipofika kwenye tarehe, mama yake alihesabu kwa vidole, mwezi mmoja mmoja, midomo ikitikisika.

"Ilibaki kumi," alisema.

"Ilibaki kumi, mama."

"Jina wameandika lipi?"

"Mama Kibiriti. Hawakujua lingine. Kote alikokaa, kiwandani, nyumbani, alikuwa Mama Kibiriti."

Mama yake aliomba arudie, naye akarudia. Kisha Bi Stoo akasoma mstari wa barua, kwa sauti ile ile, bila kuupunguza. Mama yake aliinua macho kwenye picha juu ya redio akayaacha hapo.

"Alijua," alisema.

"Barua zilifika kwa mtu, mama. Kwa nani hasa, haikuandikwa."

"Mimi najua. Alikuwa ananisuka nywele kila Jumamosi, kichwa changu mapajani mwake, na huku anajua." Sauti ilikuwa imepanda. "Marehemu utamgombeza vipi? Nilikuwa nampenda shangazi yule. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniudhi."

Kisha akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha mtu mzima. Kilikuwa cha mtoto aliyeambiwa anyamaze, akanyamaza miaka sitini na zaidi, na sasa ameruhusiwa. "Nimemwita 'yule mwanamke'," alisema katikati ya kwikwi. "Maisha yangu yote. Yule mwanamke. Na yeye huko kila mtu anamwita kwa jina langu." Bi Stoo alikaa chini sakafuni, akamshika miguu.

Siku mbili baadaye walikwenda ofisini pamoja. Mama yake alivaa gauni lake la kutokea, akapanda ngazi zote bila kushikwa, magoti yakagoma yakashindwa. Karani akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akafungua daftari, akaanza kueleza utaratibu: jina la zamani litapigwa mstari, la kweli litaandikwa juu yake.

"Usipige mstari," mama yake Bi Stoo alisema.

"Ndivyo inavyofanyika, bibi."

"Liandike pembeni. Hilo liache kama lilivyo. Nani alikuambia si la kweli?"

Karani alimtazama Bi Stoo kutafuta msaada. Bi Stoo alikuwa anatazama dirishani, ameshajua nani atashinda. Karani akasonya kidogo, akakubali pembeni. Kisha akachukua kalamu na kuuliza swali analolazimika kumwuliza kila mtu.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mimi ndiye Kibiriti," mama yake alisema.

Karani akaandika, *mtoto wake*, kisha akaligeuza daftari upande wa mama ili asome mwenyewe.