Mlingoti wa Kushoto

Nahodha wa timu ya mpira wa magongo ya Karakana ya reli hakuwa mtu wa kupayuka, lakini jioni ile shemeji yake aliporudi, maneno yake yalisikika hadi kwenye mabomba ya maji nje. Alisimama katikati ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, mikono ikiwa bado na grisi ya breki za mabehewa, wala hakusogea ili mwenzake apite.

"Umepotea njia, bwana. Benki iko upande wa pili wa mji."

"Benki imepunguza watu, shemeji. Unajua."

"Najua. Na ilipokuwa inaongeza watu, nilijua pia."

Wachezaji waliokuwa wakifunga viatu wakazidi kuinama, kana kwamba kamba za viatu zimegeuka fumbo.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka mingi. Timu iliposhushwa daraja, shemeji huyu, aliyeitwa Radi kwa ukali wa mkwaju wake, alipata ajira Benki na kuvaa jezi ya Benki. Nusu ya timu ikamfuata kama siafu. Nahodha akabaki na mafundi walioshika gongo kama ufagio. Walifungwa hadi watoto wa mtaani wakachoka kuwahesabia. Kipa alipachikwa jina la Mlango Wazi, na jina likamganda hata sasa, ambapo hakuna kipa katika ligi nzima aliyeruhusu mabao machache kuliko yeye. Katika miaka hiyo ya aibu Nahodha aliwafundisha vijana wake sheria moja kabla hajawafundisha kupiga mpira: mtu haachi nafasi yake. Mko nyuma kwa mabao tisa, mvua inanyesha, mashabiki wenyewe wamekwenda zao. Uliyepewa winga, utafia winga.

Kocha, ambaye mchana alikuwa msimamizi wa kitengo cha rangi, hakuwa na muda wa visasi. Timu ilikuwa imepanda daraja, ubingwa ulinukia, na Radi alikuwa Radi. Akamsajili. Nahodha alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya wote: maadamu yeye ndiye asukumaye mpira wa kona fupi, Radi hatafyatua hata mmoja.

Halikuwa sharti dogo. Katika kona fupi mmoja husukuma mpira kutoka mstari wa goli, wa pili huutuliza ukingoni mwa duara, wa tatu huufyatua langoni. Hapo ndipo mechi nyingi hushindwa au kupotea. Yule aliyesukuma hubakiwa na wajibu mmoja: kuwahi kwenye mlingoti wa karibu, ili mpira uliopanguliwa, au uliorudishwa kwake kwa hila, umkute. Kazi ya kufyatua akapewa Mchora, kijana aliyeandika namba kwenye mabehewa. Aliifanya vizuri, si kwa maajabu.

Msimu ukaenda hivyo, timu ikishinda na chumba kikinuka uhasama. Nahodha na Radi hawakupikika chungu kimoja. Waliongea kupitia kwa kipa.

"Mlango Wazi, mwambie huyo wa Benki arudi kukaba."

"Nahodha, yuko hapa. Anakusikia."

"Basi mwambie asikie vizuri."

"Na wewe mwambie Nahodha," Radi akajibu, "kwamba kukaba ni kazi ya waliozoea kufungwa."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Radi alikuja kila Jumapili kumwona dada yake, na kila Jumapili Nahodha alikumbuka kitu kilichohitaji kutengenezwa uani.

"Ni ndugu yangu," mkewe alimwambia. "Unataka nimfukuze?"

"Sijasema umfukuze. Nimesema asikae kwenye kiti changu."

"Kiti! Mwanamume mzima unagombea kiti."

"Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakumtaja anayekuja wakati wa kombe."

Mkewe alimsukumia beseni la vyombo. "Ukimaliza kuwahesabia watu dhambi zao, mume wangu, sahani zinakungoja."

Mechi ya mwisho ya ligi iliwakutanisha Karakana na Benki. Sare ingewapa Benki ubingwa. Hadi dakika za mwisho ilikuwa bao moja kwa moja, na majukwaa yalikuwa yakimwita Radi msaliti kutoka pande zote mbili. Benki kwa kuwaacha, Karakana kwa kuwahi kuwaacha. Ndipo Mchora alipopigwa gongo vidoleni, akatolewa nje mkono ukiwa umevimba. Muda ukaisha. Lakini mwamuzi alikuwa ameshaonyesha kona fupi kwa kosa hilo, na kona fupi huchezwa hata muda ukiisha.

Kocha hakupiga kelele. Alimnyooshea kidole Radi, kisha akamtazama Nahodha.

Nahodha alikuwa na mpira miguuni na sharti lake kooni. Angeweza kuupeleka kwa beki wa kulia, ambaye mkwaju wake haukuwahi kumtisha hata kuku. Timu si mali ya mtu mmoja, alijiambia, hata aliyeijenga. Akausukuma upande wa Radi, safi na mnyoofu, mwenzao akautuliza ukingoni.

Kisha Nahodha akasimama. Alikuwa ametimiza wajibu, hakutaka kuonekana akikimbilia makombo ya yule mtu. Akakaa palepale mstarini, gongo likining'inia mkononi.

Radi aliinama kama anayefyatua. Mabeki wa Benki na kipa wao wakamvamia wote. Naye, kwa utulivu wa mtu anayefungua droo, akautelezesha mpira kwenye mlingoti wa kushoto, ule wa karibu, mahali ambapo msukumaji hana budi kuwepo.

Hapakuwa na mtu.

Mpira ulibingirika peke yake mbele ya goli tupu. Beki wa Benki, akihaha kuuondoa, akaugusa kwa mguu, jambo lililokatazwa katika magongo. Filimbi ikalia: kona irudiwe. Lakini kabla ya filimbi kila aliyewahi kufundishwa na Nahodha alikuwa amemwona akiwa ameiacha nafasi yake.

Radi alikuja hadi usoni pake. "Nilikupa bao. Ulikuwa wapi?"

Nahodha aliinama, akauokota mpira.

"Nakuuliza, shemeji. Ulikuwa wapi?"

"Rudi kwenye duara," Nahodha alisema. "Mwamuzi anangoja."

Akausukuma tena. Safari hii alikimbia, akafika mlingotini, akainama, gongo chini. Radi hakumtazama hata kidogo. Alifyatua mwenyewe, na ubao wa nyuma ya goli ukalia kama mlango wa behewa.

Watu wakamwagika uwanjani. Mlango Wazi alikuwa akilia ndani ya kofia yake ya chuma. Nahodha alimfikia, akafungua kitambaa cha unahodha, akamfunga mkononi.

"Una wazimu?" kipa alisema. "Kombe ndilo linakuja!"

"Ndiyo maana."

Radi, aliyekuwa amebebwa mabegani, aliona, akashuka. "Usijifanye mtakatifu, shemeji. Ni mara moja tu. Sekunde tatu."

"Hata wewe ulihama mara moja tu."

Radi akakunja uso, akilipima neno hilo. "Kwa hiyo yameisha? Umenisamehe?"

"Hapana," Nahodha alisema. "Sasa tuko wawili nisiowasamehe."

"Basi kaa hivyohivyo," Radi akamjibu. "Mimi sijawahi kukuomba."

Kombe liliinuliwa na Mlango Wazi, likiteleza kwenye glavu zake nene. Nahodha alipiga makofi kutoka mwisho wa mstari. Wenzake walipomvuta aje mbele, alikataa, na hakuna aliyemsihi mara ya pili.