Bwana Harusi wa Mchezo wa Shule

Agizo alilileta Tadjidine mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya vijana ya Magoudjou, mtaa wa Moroni, kijana wa miaka kumi na minane aliyejifunza kuongea huku kidole kikiwa hewani. Shule ya msingi itafanya mchezo wa kuidhihaki harusi kubwa. Serikali ya mapinduzi ya Ali Soilih ilikwisha kuipiga marufuku, lakini watu, alisema Tadjidine, bado wanaiota usiku. Basi watoto wawacheke wazee wao hadharani, mtaa mzima uone, na ndoto hizo ziishe.

"Akina mama wa kujitolea washone mavazi," akaongeza. "Na tunahitaji mtu mzima wa kuigiza yule mzee mjinga anayejifilisi."

Moina aliinua mkono kabla hajamaliza. "Nitashona mimi. Na mjinga ninaye nyumbani."

Ua wote wa shule uliangua kicheko, na Tadjidine akacheka pia, kwa fahari. Moina alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki, na huku kisiwani Ngazidja dada wa mama ni mama tu. Kijana akaona mapinduzi yamefika hadi jikoni kwake. Laiti angeujua moto uliokuwa ukiwaka kifuani mwa mama huyo!

Maana Moina alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Nikaha yake na Djaanfar ilikuwa ya miaka mingi, na mabinti walikwisha kuzaliwa. Lakini nikaha ni ya Mungu. Harusi kubwa ni ya mji. Mwanamume asiyeifanya, hata ndevu zikiwa nyeupe pepepe, ni mtoto wa mji tu. Djaanfar, fundi seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa ule, alikaa safu ya nyuma msikitini, alipewa fungu la watoto nyama ilipogawanywa, na wazee walipojadiliana hakuruhusiwa kufungua kinywa. Na nyumba ya Moina, aliyojengewa na wajomba zake marehemu, ilikuwa nyumba ambayo mlango wake haujawahi kumpokea bwana harusi. Walijinyima miaka yote hiyo. Kila kitu kikawa tayari. Ndipo wakaja hawa watoto wa kamati wenye redio wakasema basi, imekwisha.

"Unataka mji unicheke?" Djaanfar aliuliza jioni ile.

"Nataka mji usimame kwa heshima yako."

"Na wakicheka?"

"Watacheka huku wamesimama. Ondoa hiyo randa mezani, nataka kupima mabega yako."

Mwalimu wa mchezo aliitwa Elarif, mwanafunzi wa sekondari kutoka Mutsamudu, kisiwa jirani, aliyetumwa Moroni kufundisha watoto wadogo. Alikuwa mpole na mwoga, na watoto walimpenda. Kamati ilikuwa imesema joho la bwana harusi lishonwe kwa gunia. Siku ya mazoezi Elarif alifungua mfuko wa Moina, akaona nyuzi za dhahabu juu ya kitambaa cheusi, kilemba, na upanga wenye ala ya fedha.

"Mama, hili ni joho la kweli."

"Kwani huko kwenu Mutsamudu watu huchekea magunia?"

"Lakini huu si mchezo tena."

"Mchezo ni nini, mwalimu? Watu wanavaa, wanatembea, wenzao wanatazama. Niambie harusi inazidi nini hapo."

Elarif aliangalia mlangoni. "Wakijua watanirudisha nyumbani. Baba anabeba magunia bandarini, na alinituma shule ili mimi nisiyabebe."

Moina alimhurumia, Mungu shahidi, lakini huruma haikumrudisha nyuma. "Basi hujaona kitu," akamwambia.

Kijana akaufunga mfuko. "Nimeona gunia," akasema, akaenda kuwapanga watoto.

Kulikuwa na sehemu ya karamu, wazee walafi wakila mali ya mjinga. Je, watoto watakula wali wa karatasi? Akina mama wa kujitolea walisema karatasi hainukii. Kwa bahati iliyoje, juma lile ng'ombe wa Djaanfar akavunjika mguu kule Mvouni mlimani, na ng'ombe aliyevunjika mguu hana budi kuchinjwa. Hakuna aliyeomba kuuona mguu.

Ikabaki njia. Tadjidine alitaka msafara uzunguke mtaa na kurudi shuleni, ili hata wagonjwa vitandani wacheke. Moina akawaita watoto wa ngoma. Kiongozi wao alikuwa Kamaria, msichana wa darasa la nne asiyejua kunong'ona.

"Mkifika duka la mafuta ya taa, kateni kushoto."

"Kushoto si kwako, mama?"

"Ndiyo."

"Na mwenyekiti akitupigia kelele?"

"Ngoma ina kelele kumzidi."

Siku ya mchezo, baada ya alasiri, Moina hakwenda shuleni. Alikaa kitandani nyumbani kwake, amejipaka usoni msindano, ule unga wa liwa wa maharusi, amevaa dhahabu ya bibi yake. Alisikia kicheko kutoka mbali. Watu walikuwa wakiwacheka watoto wenye ndevu za pamba, wakigombania nyama. Kisha kicheko kikakatika. Ngoma nayo ikanyamaza. Moina akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Wamemkamata, akawaza, nimempeleka mume wangu akavuliwe nguo mbele za watu.

Baadaye ndipo alipoambiwa. Djaanfar alikuwa ametoka darasani, amevaa joho, upanga mkononi, amenyooka, haigizi kitu. Mzé Allaoui, mkubwa wa wazee wa mtaa, aliletwa pale kwa lazima aje achekwe. Alimtazama Djaanfar toka kilembani hadi viatuni, akashika fimbo yake, akasimama. Benchi lote la wazee likasimama naye. Hakuna aliyecheka.

Ngoma ikalia tena. Moina aliifuata kwa sikio, hatua kwa hatua, mpaka kwenye duka la mafuta ya taa. Ikakata kushoto.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ni Tadjidine, amekimbia vichochoro vya nyuma, pumzi juu juu. Alimwona mama yake ndani ya dhahabu, akaelewa.

"Mama, umenidanganya."

"Umenisikia nikisema uongo gani?"

Kijana aligeukia nje, akatanua mikono akashika miimo yote miwili ya mlango. Hapiti mtu. Uchochoro ukajaa watu hadi juu ya kuta, na ngoma ikakoma mbele yake. Djaanfar akapanda kizingiti, akanyoosha mkono.

"Asalaam alaikum."

Sasa, bwana harusi akifika, mwanamume wa nyumba ya mke ndiye husimama mlangoni, humjibu salamu, humshika mkono na kumwingiza. Kaka yake Moina aliuawa Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka uliotangulia. Katika nyumba ile hakuwa amebaki mwanamume mwingine wa ukoo, na Tadjidine, kwa kukimbilia kuziba mlango, alikuwa amesimama mahali pa mwanamume huyo hasa.

"Mwanangu," Moina akasema nyuma yake, "umesalimiwa."

Mkono wa Djaanfar haukushuka. Mji mzima ulikuwa ukitazama. Taratibu, mkono mmoja wa kijana ukaachia mwimo.

"Wa alaikum salaam," akasema, kwa sauti ndogo, akaushika mkono ule na kumwingiza. Vigelegele vya akina mama vilivyopanda hapo vilisikika hadi msikiti mkuu wa Ijumaa kule bandarini.

Kesho yake asubuhi Moina aliitwa mbele ya kamati. Tadjidine alikaa mezani, macho chini; mtaa haukuwa umeiambia kamati nani alisimama mlangoni. Aliyeuliza maswali alikuwa msichana mwenzake wa kamati, mkali.

"Sema ulikuwa mchezo, urudi nyumbani."

Lilikuwa neno moja tu. Lakini Moina alijua: akilitamka, mumewe atarudi safu ya nyuma.

"Ilikuwa harusi."

"Utabeba mawe barabara ya Mvouni."

"Nitayabeba nikiwa mke niliyeozwa na mji."

Msichana akacheka. "Harusi gani hiyo, mama? Nyumba isiyo na mwanamume! Nani alimpokea bwana harusi mlangoni? Paka?"

Moina alifumba mdomo. Jina alikuwa nalo, na lilikuwa zito, lakini hakumlea mtoto ili amtupe kwa mbwa. Alisimama tu, amekaza uso, tayari kutukanwa.

Kiti kikasogea. Tadjidine alikuwa amesimama.

"Mimi," akasema. "Nilimpokea mimi."

Msichana alimwangalia kama aliyesikia vibaya. Tadjidine akavua beji ya kamati, akaiweka mezani, akaja kusimama kando ya mama yake. Walianza kubeba mawe siku hiyo hiyo, na Djaanfar akapanda na kilemba chake kuwaletea maji.